*TAMKO LA TAWI: ASILIMIA TATU ZA BAHARINI ZISITUGOMBANISHE, WALA ZISITUTIE HASARA*

Ndugu wanachama wa Tawi,



Kamati ya Utendaji ya Tawi imekaa na kujadili jambo ambalo limezungumzwa sana katika kundi letu na kwenye vijiwe vyetu. Ni suala la magari yenye namba Z, yaani yaliyosajiliwa Zanzibar, ambayo yanauzwa hapa Dar es Salaam kwa maelezo kwamba "kule kodi ni ndogo". Wapo wanachama wetu waliokwisha kununua. Wapo wanaochanga kwenye vikoba ili wanunue na kuingia katika teksi mtandao. Na wapo walioanza kutoa maneno makali kwamba ndugu zetu wa Visiwani wanapendelewa na sisi wa Bara tunaonewa.

Tumeona tusilinyamazie. Tunatoa msimamo wetu kwa hesabu, kwa sababu ubishi wa kodi usio na hesabu ni kelele tu. Tunaomba usome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

*1. Kodi zipi ni moja na zipi ni mbili*

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 ina orodha ya Mambo ya Muungano. Ndani ya orodha hiyo umo ushuru wa forodha. Ndiyo maana gari likishuka Dar es Salaam au likishuka Malindi, Unguja, anayelipokea kiforodha ni TRA huyo huyo, na ushuru wa forodha wa gari dogo la abiria ni asilimia 25.

Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, haimo katika orodha hiyo. Bara ina sheria yake iliyopitishwa na Bunge, na kiwango cha kawaida kwa bidhaa zinazoingizwa ni asilimia 18. Zanzibar ina sheria yake iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi, na kiwango chake cha kawaida kwa bidhaa ni asilimia 15. Usajili nao ni wa pande mbili: huku namba T, kule namba Z.

Kwa hiyo anayesema "kodi za Zanzibar ni tofauti" amesema nusu ya ukweli. Tofauti ya kisheria inayozungumzwa hapa ni hizo asilimia 3 za VAT. Sasa tuzipime zina uzito gani.

*2. Hesabu yenyewe*

Tuchukue gari la mfano. Thamani yake ya forodha, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandarini, ni shilingi 10,000,000. Injini ni ya cc 1490. Umri wake haujafika miaka 8.

Ushuru wa forodha, asilimia 25: 2,500,000. Jumla inakuwa 12,500,000.

Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1001 na 2000, asilimia 5 ya hiyo jumla: 625,000. Jumla inakuwa 13,125,000.

VAT ya Bara, asilimia 18: 2,362,500. Jumla kuu 15,487,500.

VAT ya Zanzibar, asilimia 15, mengine yote yakibaki vile vile: 1,968,750. Jumla kuu 15,093,750.

*Tofauti: shilingi 393,750.*

Hatujaweka tozo ndogo ndogo, ada za bandari, malipo ya wakala wa forodha wala ada ya usajili, ili tofauti ya VAT ionekane peke yake. Mnaona wenyewe. Katika gari la milioni 15 na nusu, zile asilimia 3 zinazotugombanisha ni kama asilimia mbili na nusu ya gharama. Toa humo nauli ya kulivusha gari, nauli yako ya boti kwenda na kurudi, siku za kazi ulizopoteza na chochote utakachompa dalali. Kinachobaki ni kidogo, na mara nyingine hakibaki kitu.

Kuna jambo jingine katika hesabu hiyo. VAT haitozwi juu ya bei ya gari peke yake. Inatozwa juu ya bei pamoja na ushuru uliokwisha kuwekwa. Katika ile VAT ya Bara ya 2,362,500, shilingi 562,500 ni VAT iliyokaa juu ya ushuru. Kwa hiyo kila ushuru unaoongezwa huko chini unapanda na VAT yake mgongoni.

*3. Kinachopandisha bei zaidi ni umri wa gari*

Sasa chukueni gari lile lile, thamani ile ile ya forodha, ila umri wake umezidi miaka 10. Hapo kuna ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu. Kwa gari la abiria la miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, na lililozidi miaka 10 ni asilimia 30.

Asilimia 30 ya 12,500,000 ni shilingi 3,750,000. Ukiijumlisha na ule ushuru wa injini wa 625,000, gari linafika 16,875,000 kabla ya VAT. VAT ya asilimia 18 ni 3,037,500. Jumla kuu 19,912,500.

Yaani umri peke yake umeongeza shilingi 4,425,000. Hiyo ni zaidi ya mara 11 ya ile tofauti ya Bara na Visiwani.

Na nani ananunua gari lenye umri huo? Ni sisi. Toyota IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Zote zimepita miaka 10 zamani. Mwenye uwezo anaagiza gari jipya na haguswi na ushuru wa uchakavu. Mwalimu, muuguzi na dereva wa teksi wanaagiza lililochoka na wanaulipa kamili.

Tunaelewa sababu inayotolewa. Nchi haitaki kuwa dampo la magari, na moshi na ajali ni gharama ya wote. Hatusemi ushuru huo ufutwe kesho. Tunasema mwanachama anayepiga kelele kuhusu asilimia 3 za Zanzibar na kunyamaza kuhusu asilimia 30 za uchakavu amekosea pa kuelekeza nguvu zake.

*4. Basi kwa nini namba Z huuzwa rahisi sana?*

Hapa ndipo wanachama wanapoumia, kwa hiyo tusome polepole.

Tumeona kwamba kwa gari la mfano wetu VAT inaeleza tofauti ya laki nne hivi. Kwa lile lililozidi miaka 10 ni 506,250. Basi dalali akikuambia namba Z hili ni pungufu kwa milioni 3 au 4 kuliko namba T ya mwaka ule ule, jua kwamba upungufu huo hautokani na VAT. Unatoka mahali pengine, na ni wajibu wako kuuliza ni wapi. Huenda gari liliingia kwa msamaha wa kodi, na msamaha huo ulikuwa wa mwenye gari wa kwanza, si wako. Huenda liliingizwa kwa thamani ya chini. Huenda lilipata ajali. Huenda nyaraka zake zina kasoro.

Na hata kama kila kitu ni halali, gari la namba Z likihamia Bara moja kwa moja na kutaka namba T, mwenye gari anatakiwa kulipa tofauti ya kodi. Dalali hakuambii hilo. Yeye anasema "kodi zote zimelipwa", na kwa upande wa Zanzibar anaweza kuwa anasema kweli. Zimelipwa zote za kule.

Yupo mwenzetu katika Tawi hili, dereva, hatutamtaja. Alinunua namba Z mkononi mwa mtu aliyenunua kwa mtu mwingine. Alipewa kadi ya gari na hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono. Alipotaka kubadili namba aliulizwa nyaraka za forodha za siku gari lilipoingia. Hakuwa nazo. Aliyemuuzia hakuwa nazo. Yule wa kwanza simu yake haipatikani. Bila nyaraka hizo hawezi kuonyesha ni kiasi gani kilikwisha kulipwa, na asiyeweza kuonyesha kilicholipwa anakadiriwa kama hakijalipwa. Gari lipo limeegeshwa uani, marejesho ya mkopo wa kikoba yanaendelea kila Jumapili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika gari la kuvuka bahari, daftari ni zile nyaraka za forodha.

*5. Msimamo wetu kuhusu Muungano katika jambo hili*

Wapo wanaosema nchi ni moja, kwa hiyo gari lililolipiwa Unguja litembee na likae Bara bila kuulizwa. Tunaiheshimu hoja hiyo, lakini hatukubaliani nayo yote. Kama tofauti isingedaiwa kabisa, kila mwenye yadi wa Dar es Salaam angesajili magari yake Zanzibar na kuyaleta huku. Barabara zinazochakaa ni za huku, na fedha za kuzitengeneza zingekuwa zimebaki mlangoni. Na wapo wanaosema Zanzibar ilazimishwe kuwa na asilimia 18. Nayo hatukubaliani nayo. VAT si jambo la Muungano, na Baraza la Wawakilishi lina haki ya kuwapangia watu wake kiwango kinachofaa uchumi wa visiwa.

Kati ya hoja hizo mbili ipo njia ya tatu, na imejaribiwa na nchi nyingine zenye serikali zaidi ya moja ndani yake. Marekani ni mfano. Kule VAT haipo. Kila jimbo lina kodi yake ya mauzo, na majimbo 5 hayana kodi hiyo ya jimbo kabisa: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Mji wa Portland uko Oregon, ambako kodi ya mauzo ni sifuri. Ukivuka daraja la Mto Columbia unaingia mji wa Vancouver katika jimbo la Washington, ambako kodi ya mauzo inazidi asilimia 8. Gari la dola 20,000 lina tofauti ya zaidi ya dola 1,600 kati ya ng'ambo moja ya mto na nyingine.

Je, watu wa Vancouver wote wananunua Portland na kukwepa? Hapana. Kodi inafuata mahali gari linaposajiliwa na kutumika, haifuati mahali liliponunuliwa. Mkazi wa Washington akinunua Oregon, siku ya kusajili kwao anadaiwa kodi ya kwao. Na kama alikwisha lipa kodi ya mauzo katika jimbo jingine, anakatiwa kile alicholipa na anaongeza tofauti tu. Dalali hapati nafasi ya kuuza maneno, kwa sababu kanuni inajulikana kwa muuzaji na mnunuzi.

Hatusemi tuige kila kitu cha Marekani. Tunasema kanuni hiyo ni ya haki na inaingia akilini: *kodi ifuate mahali gari linapoishi, ilipwe mara moja, na kilicholipwa kihesabiwe.*

*6. Tunachokitaka*

Suala la usajili wa vyombo vya moto limekuwa katika mazungumzo ya serikali zetu mbili kwa muda mrefu, kama mojawapo ya hoja za Muungano. Tawi letu linaelekeza mambo yafuatayo yapelekwe katika vikao vya ngazi ya Kata na Wilaya, ili wawakilishi wetu wayabebe kabla ya Bajeti ya mwezi Juni:

(i) Itolewe kanuni ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, inayoeleza jinsi tofauti ya kodi ya gari linalohama kati ya Zanzibar na Bara inavyokokotolewa. Ibandikwe bandarini na katika ofisi za kodi za pande zote mbili.

(ii) Tofauti ihesabiwe juu ya thamani ya forodha iliyotumika siku gari lilipoingia nchini. Gari lililokaa Unguja miaka 4 lisikadiriwe kama limeshuka jana kutoka Japani. Kwa gari la mfano wetu tofauti halali ni 393,750, na mwananchi asidaiwe zaidi ya hapo bila kuelezwa kwa maandishi.

(iii) Kumbukumbu za forodha za pande zote mbili zisomane. Ushuru wa forodha wa Unguja na wa Dar es Salaam unakusanywa na chombo kimoja. Kwa namba ya chesisi tu, ofisa aweze kuona kilicholipwa, na mwananchi asibebeshwe mzigo wa kutafuta karatasi za mtu aliyempotea.

(iv) Mwenye namba T anayehamia Unguja au Pemba asidaiwe VAT tena, maana alikwisha lipa zaidi ya kiwango cha kule.

(v) Ushuru wa uchakavu ujadiliwe upya bungeni, kwa kuangalia anayeubeba ni nani. Gari la cc 1000 la kutafutia riziki lisihesabiwe sawa na gari kubwa la starehe.

*7. Wakati tunasubiri: maelekezo kwa wanachama*

Madai hayo yatachukua muda, na wewe huenda unanunua gari mwezi huu. Kwa hiyo:

Kwanza, kabla ya kulipa hata shilingi, ingia katika tovuti ya TRA. Kuna kikokotoo cha magari yaliyotumika. Weka aina ya gari, mwaka na injini, kitakupa thamani na kodi yake kwa Bara. Chapisha au piga picha. Usitegemee bei ya mdomo, wala usitegemee viwango vya mwaka jana, kwa sababu sheria za fedha hubadilika kila ifikapo Julai mosi. Hata hesabu zetu hapa juu ni za kuonyesha njia. Za kulipia ni zile za kwenye kikokotoo.

Pili, ukiuziwa namba Z dai vitu vitatu kwa pamoja: kadi ya gari, nyaraka za forodha za siku lilipoingia, na kitambulisho cha mtu ambaye jina lake limo katika kadi. Kikikosekana kimoja, acha. Gari zuri lingine lipo.

Tatu, linganisha tofauti ya bei na tofauti ya VAT kwa njia tuliyoonyesha. Upungufu ukizidi ule unaoelezwa na VAT, muulize muuzaji sababu, na umwombe aiandike katika hati ya mauziano.

Nne, weka akiba ya tofauti ya kodi ndani ya bajeti yako tangu mwanzo kama gari litabaki Bara. Asiyeiweka ataikopa baadaye kwa riba.

Tano, mwanachama mwenye mashaka alete nyaraka ofisini kwa Tawi Jumamosi asubuhi. Tutakaa naye na kupiga hesabu bila malipo. Atakayependa kuja na mwenzake wa kikoba, aje naye.

*8. Neno la mwisho*

Tunawaomba wanachama waache kuwarushia maneno ndugu zetu wa Visiwani ndani ya kundi hili. Mzanzibari anayelipa asilimia 15 kwao hajamwibia mtu wa Mbagala. Wengi wetu tuna mashemeji, wajomba na watoto kule, na wao wana wa kwao huku. Anayetuumiza ni yule anayesimama katikati ya sheria mbili na kuuza giza lililopo kati yake. Dawa ya giza hilo ni kanuni iliyo wazi na raia anayejua kupiga hesabu.

Kanuni tutaidai vikaoni. Kupiga hesabu tuanze leo, kila mmoja kwa gari analolitamani.

Umoja wetu udumu.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi

_Wajumbe wa mashina mnaombwa kuwasomea wanachama wasio na simu janja. Ukituma kwingine, tuma tamko zima, usikate hesabu ukaacha maelezo._